Nilichagua yoti kwa picha, nikaja kutapika mbele ya Mykonos

Kazi yangu ni kusimamia nyumba ya familia moja Muscat. Mi mwenyewe mtu wa Tanga, wenye nyumba ni Waomani wa asili ya Unguja, kwahiyo Kiswahili humo ndani kinaongewa kuanzia Bibi mpaka wajukuu (wajukuu wanachanganya na Kiarabu na Kiingereza lakini matusi ya Kiswahili wanayajua yote). Nalipa umeme, napeleka magari gereji, nagombana na fundi wa eisii, na kiangazi kikikaribia natafuta pa kuwapeleka maana Muscat mwezi wa saba hapakaliki, joto linapita 40 na unyevu juu yake. Miaka yote ilikua hoteli au villa. Halafu 2022 bosi karudi kutoka harusini, kaniita, kaniambia "Mwakani tunataka boti. Ugiriki. Yenye mabaharia wake na mpishi wake. Tafuta." Kaingia ndani kulala.

Basi nikajiona mjanja. Mi mtoto wa pwani bana, marehemu baba mkubwa alikua nahodha wa jahazi, Tanga Pemba Tanga, boti gani itanishinda? Wiki mbili kila usiku nakaa na simu naangalia picha za mayoti, zile boti za kifahari, na sikufichi ni kitu kinacholevya, unaangalia moja, unaangalia nyingine, sitaha tatu, jakuzi juu, lile bomba la kuteleza linalotoka juu mpaka majini, maua mezani, taulo zimekunjwa kama samaki. Nikachagua moja ya mita 37. Kwanini ile? Kwasababu ya jakuzi na bomba la kuteleza na rangi ya makochi. Wallahi hizo ndo sababu zangu tatu, na bosi akaangalia picha zilezile akasema nzuri, lipa.

Hapo kwenye kulipa ndo nikaanza kupata akili. Bei niliyoiona ilikua yuro 95,000 kwa wiki, nikadhani ndo bei. Kumbe hiyo ni ya boti na mishahara ya mabaharia na bima basi. Mafuta juu yako, chakula juu yako, vinywaji, ada za bandari, hata dizeli ya jenereta, vyote juu yako, na vinalipwa kwa kitu wanaita APA, yani unamkabidhi kapteni fungu la pesa kabla ya safari, kwa boti za injini mara nyingi ni asilimia 30 mpaka 35 ya bei, yeye ananunua na kuandika na mwisho anakupa hesabu, ikibaki anarudisha, ikipungua unaongeza. Juu ya hapo VAT ya nchi, na kila nchi na yake, Ufaransa kiwango cha kawaida 20, Italia 22, kwahiyo boti ileile ukiipanda Nice na ukiipanda kwengine hesabu zinatofautiana. Halafu bakshishi ya mabaharia, si lazima kwenye karatasi lakini wenyewe wanaitegemea, watu wengi wanatoa asilimia 10 hivi. Nikajumlisha usiku, nikapata mia arobaini na ushee elfu. Asubuhi nikaenda kumwambia bosi nikiwa nimesimama karibu na mlango.

Hakugomba. Alisema tu "next time unijumlishie kwanza." Ikaniuma kuliko angegomba.

Tukafika Athens mwanzo wa Agosti 2023. Boti iko pale bandari ya Flisvos, imeegeshwa tezi, yani nyuma yake, kwenye gati, na kusema haki ilikua kama kwenye picha, ingawa makochi yamechoka na jakuzi ni ya watu watatu wembamba. Chini pale kuna kikapu. Mhudumu anatabasamu anatuonyesha kikapu, kumbe ni cha viatu, kwenye yoti hupandi na viatu, sakafu ya mbao ile inaharibika. Bibi akafurahi sana, kavua makubadhi yake kayaweka mwenyewe, "Hawa wana adabu, kama msikitini." Hiyo ndo ilikua furaha yake ya mwisho kwa siku tatu.

Maana tukaingia ndani, tukaonyeshwa vyumba, na chumba cha Bibi kiko chini. Ngazi kumi na moja, nimezihesabu, nyembamba na zinapinda. Bibi ana miaka 78 na magoti yake yanatabiri mvua. Ramani ya vyumba nilikua nayo kwenye simu miezi minane! Imechorwa vizuri, nani chini nani juu, na sikuwahi kuikalia hata dakika tano kumweka kila mtu kitandani kwake. Chumba pekee cha sitaha ya katikati kilikua kile kikubwa cha bosi na mkewe, na Bibi akakataa katakata kumtoa mwanawe, kashuka ngazi anasema bismillahi kila hatua. Na watoto wawili wakubwa wakapewa chumba cha mbele kabisa, omoni, chini ya mnyororo wa nanga, sasa saa kumi na mbili asubuhi kapteni anang'oa nanga we acha tu, ni kama mtu anamwaga kokoto juu ya bati.

Sasa upepo. Ugiriki bahari ya Aegean ina upepo wake wanaita meltemi, unatoka kaskazini, unakuja mwezi wa saba na wa nane, mbingu nyeupe haina hata wingu, jua linawaka, na bahari imechafuka. Unaweza kuvuma siku tatu, nne, wiki. Mtu wa pwani yetu anajua habari ya kusi, ukishaingia kusi wavuvi wanajua leo hapatokeki, na hakuna anaelala akaamka akashangaa kuwa mwezi wa saba kuna upepo. Wao nao na meltemi yao hivyohivyo, kila mvuvi wa kule anaijua, na mi mtoto wa ukoo wa nahodha sikuuliza. Nilimuuliza dalali kama boti ina Netflix.

Tulikua tumepanga kisiwa cha Mykonos kwasababu watoto wamekiona TikTok. Ni karibu maili 95 za bahari kutoka Flisvos. Nilimuuliza kapteni kwa simu wiki moja kabla, Mykonos itawezekana? Akajibu "No problem, everything possible." Nikafurahi. Leo nikisikia kapteni anasema kila kitu kinawezekana nakata simu. Tulipopita kisiwa cha Kea tu upepo ukatupiga ubavuni, daraja la 7 kwa kipimo chao cha upepo alisema baharia mmoja, boti inalala kulia inalala kushoto, vyombo vinalia makabatini, mama mwenye nyumba kajifunika shuka usoni, watoto wako kimya (hilo halijawahi kutokea), dada wa watoto analia na mi niliekuja kama msimamizi nimeshika ndoo. Nilitapika mpaka nikamkumbuka baba mkubwa. Bibi peke yake ndo alikua mzima, kakaa kwenye kochi la nyuma na tasbihi yake anatuangalia, "Nyie mmezaliwa kwenye magari."

Kufika Mykonos tukajibanza ghuba za kusini upande wa demani, ule uliokingwa na upepo, nikasema afadhali. Wapi. Upepo unakata lakini mawimbi yanazunguka kisiwa yanakuja kwa chini, na boti ikitia nanga inaanza kuyumba pole pole usiku kucha. Hapo ndo nikajifunza neno stabilaiza. Ni kama mapezi ya samaki chini ya boti, yanapigana na mawimbi isiyumbe. Sasa zipo za aina mbili, kuna mapezi yanayofanya kazi boti ikiwa inakwenda tu, na kuna yanayofanya kazi hata imetia nanga, na boti za zamani kidogo nyingi zina yale ya kwanza. Yetu ilikua na ya kwanza. Kwenye tangazo imeandikwa "stabilizers" na mi nikaona sawa inazo. Usiku ndo unalala, mchana boti imesimama watu wanakula na kuogelea, kwahiyo yanayokuhusu zaidi ni yale ya kwenye nanga! Kama una mzee au mtoto au mtu wa kichefuchefu, hilo swali usiliache.

Kitu kimoja nikumbuke kukisimulia hapa. Boti ikiwa kwenye nanga inazunguka kufuata upepo. Bibi kaanza kusali adhuhuri anaelekea kibla vizuri kabisa, nimempimia kwa simu, kusini mashariki, nyuzi 135 hivi kutoka kule, akafika rakaa ya tatu boti imeshageuka anaangalia Uturuki. Akamaliza, akatoa salamu, akanitazama. "We mtoto, nyumba yako hii inatembea." Baada ya hapo yule baharia kijana, Mfilipino, mkristo, akawa kila wakati wa sala anakuja kumuonyesha Bibi kwa mkono kibla kiko wapi sasa hivi, bila kuambiwa na mtu. Katika mabaharia saba wa boti ile ndo niliemkumbuka wakati wa bahasha ya bakshishi.

Siku ya tano kapteni akaniita pembeni, APA imekaribia kuisha. Elfu 28 na mia tano! Nikataka kusema ameiba. Akanifungulia vitabu, risiti zote zipo. Boti ile ikienda taratibu noti 12 inakula lita kama mia mbili kwa saa, ikikimbia noti 22 inakula mia saba na zaidi (hizi ni noti za baharini, ndo zinazokula noti za mfukoni). Fanya hesabu, maili 95 kwa noti 12 ni masaa nane lita 1,600, kwa noti 22 ni masaa manne na kitu lita elfu tatu na. Karibu mara mbili, umeokoa masaa manne ambayo umeyatumia kutapika. Na bosi kila akiulizwa twende taratibu au haraka anasema haraka, anadhani ni kama gari. Juu yake jenereta inaunguruma usiku na mchana kwa ajili ya eisii, hiyo peke yake lita mia tano kwa siku. Halafu tukaenda kisiwa cha Santorini, kule ndani ya ile kaldera, shimo la volkano lililojaa bahari, kina kinashuka hapohapo ukutani, nanga haina pa kushika, familia imepanda juu na kiboti kupiga picha na boti yetu inaelea chini injini zinawaka. Unalipia mafuta ya kusimama.

Tuliporudi Muscat nilijua nimeharibu, ingawa bosi mbele za watu anasema ilikua safari nzuri. Nikategemea ndo basi boti. Mwezi wa kumi na moja Bibi ndo kaanzisha tena, mezani, "Mwakani twende tena kwenye boti, lakini atafute yenye akili."

Safari hii sikuanza na picha. Nilianza na karatasi, nikaandika watu tisa, nani anahitaji nini, nani halali na nani. Bibi, sitaha ya katikati, hakuna ngazi, nukta. Dada wa watoto, chumba karibu na wadogo na si kitanda cha kukunja ukutani maana ni mtu mzima. Idadi nayo ina sheria yake, mayoti mengi ya kukodi hayaruhusiwi kubeba wageni zaidi ya 12 yakiwa safarini hata kama yana ukubwa wa jengo, sasa sisi tisa tuko salama lakini mwaka wa kwanza binamu wa bosi walitaka kuparamia Mykonos wawe 14, kapteni akakataa na alikua sahihi, ni habari ya leseni na bima.

Dalali nilibadilisha. Wa kwanza alikua wa upande wa mwenye boti, kazi yake kuijaza boti ile ile, simlaumu. Nikatafuta anaemwakilisha mteja anaekodi, na hulipi zaidi, kamisheni yake inatoka kwenye pesa ya mwenye boti. Swali langu la kwanza kwake lilikua umeipanda kwa miguu yako hii boti, lini? Maana madalali wanaojua kazi wanaenda kila mwaka kwenye maonyesho, Monaco mwezi wa tisa, Nafplio kule kule Ugiriki majira ya kuchipua, wanapanda boti moja moja, wanaonja chakula cha mpishi, wanamtazama kapteni machoni. Wa safari hii aliniambia mbili alizokua nazo hajazipanda, kwahiyo hawezi kunishauri. Nikamwamini palepale. Mkataba ni ule wa MYBA, chama cha watu wa biashara ya mayoti, ndo unaotumika sana Mediterania, nusu ya pesa ukisaini, nusu na APA kama mwezi kabla, na pesa inakaa kwenye akaunti maalum ya wakala, sio ya mtu. Kuna jamaa alinitumia WhatsApp boti nzuri bei nusu tuma kwa akaunti yangu, nikamblok.

Akanipa boti tatu na nikaomba simu na makapteni watatu, hii ndo ilikua kazi yenyewe, zilizobaki mbwembwe. Swali langu moja kwa wote, Agosti upepo ukivuma daraja la 7 siku tatu mfululizo utatupeleka wapi. Wa kwanza, no problem. Wa pili akaanza kunielezea ukubwa wa injini. Wa tatu, Mgiriki mtu mzima sauti nzito, kanyamaza kidogo halafu akaniuliza yeye, "Kuna wazee? Kuna watoto wa miaka mingapi? Nani anatapika?" Nikamwambia wote isipokua mzee. Akacheka. Akasema Mykonos Agosti sikuahidi, nikikuahidi nitakua nakudanganya, nendeni ghuba ya Saronic na Argolis, bara inawakinga, Aegina, Poros, Hydra, Spetses, umbali mfupi mfupi, asubuhi masaa mawili kisha mnatia nanga mnakula. Boti yake mita 33, ya 2009, ndani imefanyiwa ukarabati 2021, mapezi ya kwenye nanga anayo, haina jakuzi wala bomba la kuteleza. Yuro 72,000. Nikamuomba video ya simu, sio picha za tangazo, apite kuanzia ngazi mpaka kitandani kwa Bibi. Akatuma, na kwenye video kuna mtu anapiga pasi na mwingine anaimba. Mpishi ana miaka sita palepale, na hilo kwangu ni kubwa kuliko sofa, boti ambayo mabaharia wanakimbia kila msimu kuna kitu.

Fomu ya mapendeleo wanayotuma, ile ya mnakula nini, mwaka wa kwanza niliijaza kwa dakika kumi, "halal, no pork". Matokeo yake mpishi akatia mvinyo kwenye mchuzi, kwasababu sikusema, na yeye atajuaje. Safari hii niliandika kurasa tatu. Nyama halali inunuliwe Athens kabla ya kutoka, pombe isiingie kwenye sufuria, chai ya Bibi tangawizi na iliki na maziwa yachemke pamoja sio pembeni, na vyooni je kuna bomba la maji la mkono? Dalali kaniuliza unamaanisha nini, nikamweleza, kimya kidogo, akasema nitauliza. Halikuwepo. Injinia alilifunga kabla hatujafika, kwenye hesabu ya mwisho liliandikwa yuro 38.

Agosti 2024 upepo ulivuma Aegean siku nne, tunaona mawimbi meupe kwa mbali kule nje na sisi tuko Poros maji kama kwenye sinia. Hydra hawaruhusu magari, mizigo inabebwa na punda, Bibi kasimama bandarini anawaangalia, "Hapa kama Lamu, ila punda wao wamenenepa." Siku ya nne kaingia jikoni kumfundisha mpishi samaki wa kupaka, tui la kopo nililibeba mimi kutoka Muscat makopo sita, yule mpishi anaandika kwenye daftari anauliza gramu ngapi, Bibi anamwambia kwa Kiswahili "mpaka uone", na mi nikakosa namna ya kumtafsiria. Mwisho wa wiki kapteni kaleta hesabu kwenye bahasha, APA imebaki yuro 4,100 na kitu. Bosi kaihesabu mara mbili.

Mwaka huu boti ile imeuzwa, mwenyewe mpya kaitoa kwenye kukodishwa. Ndo kawaida yao, jina la boti linabaki na watu wanaondoka. Ilinichukua wiki tatu kumpata kapteni, yuko kwenye nyingine sasa, ya mita 31, na mpishi kamchukua. Nimemtumia bosi picha moja tu, ile ya ramani ya vyumba. Kanijibu saa saba usiku, "Jakuzi iko wapi?" Sijajibu bado, nasubiri Bibi aamke.